UZI: Kushusha injini na kupandisha nyingine kwenye pickup ya kazi. Kabla hujatafuta injini, jua ya zamani imekufa na nini

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Watu wengi wenye pickup na malori madogo ya zamani ya kazi wakichoka na injini huuliza swali moja: "Ipi inaingia bila kukata wala kuchomelea?" Swali zuri, ila ni la pili. La kwanza ni hili: hiyo ya zamani imekufa na nini?

Injini haifi yenyewe. Rejeta iliyoziba, feni isiyovuta, hosi ya hewa iliyopasuka nyuma ya filta, kipozeo cha oili kilichojaa unga wa chuma, vyote hivyo vinabaki kwenye gari injini ikishashuka. Ukipandisha nyingine bila kuvigusa, nayo itakwenda kwa ugonjwa uleule, na mara nyingi haraka kuliko ya kwanza, maana gari linarudi kubeba mzigo mzito siku ileile.

Mfano wangu utakuwa Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya 2L inayowekewa injini ya 3L, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoifanya sana. Injini hizi mbili ni za ukoo mmoja. 2L ina sentimita za ujazo 2446, pistoni za milimita 92. 3L ina 2779, pistoni za milimita 96. Mwenye Canter ya 4D32 anayetaka 4D33, au mwenye Isuzu ya 4JA1 anayetaka 4JB1, mantiki ni hii hii, atabadilisha majina tu.

Tuanze na maiti. Hata kama unaipeleka kwenye chuma chakavu, fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) na silinda hedi kwanza. Kazi ya saa chache, na utasoma mengi.

Toa vifuniko vya beringi za konrodi (mikono inayoshika pistoni) na za kranki (shafti kuu inayozungushwa na mikono hiyo), uzipange chini kwa mpangilio uleule zilivyokaa. Beringi nzima ina rangi ya kijivu iliyofifia, iliyo sawasawa. Ukiona rangi ya shaba imetokeza kwenye zote, oili ilikuwa haifiki vizuri kwa muda mrefu: pampu imechoka, chujio la ndani ya sampu limeziba, au ilikuwa inaendeshwa na oili pungufu. Ukiona mikwaruzo mirefu yenye vipande vilivyozama ndani ya beringi, huo ni uchafu, na uchafu huo bado upo kwenye mabomba ya oili.

Kisha pistoni. Iliyokwaruzwa karibu na pini, pembe nne, ilizidiwa na joto. Iliyofifia upande mzima kama imepigwa msasa laini, na ringi ya juu imekuwa nyembamba kuliko wenzake, imekula vumbi. Hapo usiiangalie injini tena, angalia njia ya hewa kuanzia kwenye boksi la filta hadi inteki manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), sentimita kwa sentimita. Na ukikuta pistoni moja tu imeliwa juu na tatu ni nzima, shika nozeli ya silinda hiyo. Ilikuwa inadondosha dizeli badala ya kuipuliza.

Hedi nayo iangalie kati ya vali na kuzunguka chemba ndogo ya mwako. Nyufa hupenda kuanzia hapo, hasa kwenye 2L za tabo (zinazosukumiwa hewa).

Ukishajua jibu, sasa tafuta injini.

Pleti3

Mkuu, nimekupata. Ila wengine hatuna muda huo, gari ndiyo inaleta mkate. Si bora kufanya ovahoo (kuifungua yote na kuifufua) ya ile ile kuliko kununua iliyotumika ambayo huijui?

Mleta uzi

Pleti3, inategemea umekuta nini ulipofungua. Kama bloku ni nzima, kranki bado ina saizi ya kuchongwa na hedi haina ufa, ovahoo inakupa injini unayoijua kila bolti yake. Mimi hapo nachagua ovahoo bila kusita. Lakini kranki ikishachongwa hadi saizi ya mwisho na hedi imepasuka, utajikuta unanunua injini kipande kipande. Hapo tafuta nyingine.

Na iliyotumika si lazima iwe bahati nasibu. Pima kabla haijapanda. Ikiwa na stata na nyumba ya klachi, inazunguka ikiwa chini sakafuni, imefungwa vizuri isipinduke. Toa hita plagi zote (plagi za kupasha silinda moto), funga geji ya kompresheni (ya kupima mgandamizo wa hewa kwenye silinda) ya dizeli (ya petroli haifai, itapasuka), zungusha. Kwa injini hizi za L, kitabu cha karakana kinataka kilo 32 kwa sentimita ya mraba, mwisho wa kuvumilika ni 20, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5. Mimi tofauti ndiyo inayonitisha kuliko namba yenyewe. Injini yenye 26 zote nne nitaichukua. Yenye 31, 30, 31 na 22 naiacha palepale.

Toa na kifuniko cha oili. Ute mweupe kama maziwa chini yake, achana nayo. Bolti za sampu zenye alama mpya za spana na gundi mbichi ya gasketi, uliza ilifunguliwa kwa nini.

MkonoWaOili

Ongezea hili: 3L nyingi zimetoka kwenye Hiace. Fundi analeta injini, kufika kwenye Hilux sampu inagonga krosimemba (boriti ya chasisi inayopita chini ya injini).

Mleta uzi

Asante sana MkonoWaOili, hapo ndipo watu wanapokwama winchi ikiwa tayari juu.

Ndiyo maana nasema injini mbili ziwekwe chini, ubavu kwa ubavu, na zilinganishwe kwa mkono na kwa futi kabla ya kitu chochote kupanda. Sampu ya gari lako ihamie kwenye injini mpya, pamoja na bomba la kunyonyea oili na kijiti cha kupimia. Vitatu hivi vinakwenda pamoja. Ukihamisha sampu ukaacha kijiti cha ile nyingine, kila asubuhi utasoma uongo. Utaona oili imejaa kumbe haitoshi, au utaijaza hadi kranki inaipiga na kuitoa povu.

Vikono vya mauntingi vitoke kwenye injini yako ya zamani. Mpira wa mauntingi ununue mpya, wa zamani umeshakaa chini na injini ikilala hata kidogo feni inagusa kava lake. Inteki na ekzosi manifoldi zilinganishe zinakotazama.

Pampu ya dizeli usiihamishe. 3L ikae na pampu ya 3L. Ukiifunga ya 2L itakosa dizeli ya kutosha na utalalamika kwamba injini kubwa haina nguvu. Kinyume chake, pampu inayotoa nyingi kuliko injini inavyohitaji inakupa moshi mweusi na joto la ekzosi, na hapo tumerudi kwenye pistoni zilizoungua.

Namba ya injini nayo iko kwenye kadi ya gari. Shughulikia mabadiliko mapema, na karatasi za mauzo zitunze.

DerevaWaMzigo

Kushusha sasa. Unashusha pamoja na giaboksi au unaiacha?

Mleta uzi

Kwa gari la magurudumu mawili ya kuvuta nashusha pamoja. Bolti za juu za nyumba ya klachi ni adha kuzifikia gari likiwa limefungwa, na kuunganisha injini na giaboksi chini sakafuni ni raha, unaona kila kitu. Kwa la magurudumu manne naiacha giaboksi ndani, kwa sababu kile kiboksi cha pili cha gia kinaongeza uzito na urefu. Hapo giaboksi iegemezwe na jeki yake, isibaki inaning'inia kwenye mauntingi ya nyuma.

Mpangilio wangu: betri kwanza, waya wa hasi ndio unaoanza kutoka. Boneti chini, baada ya kuchora alama kwenye bawaba. Mwaga maji, mwaga oili. Rejeta na kava la feni nje, usijidanganye kwamba nafasi itatosha na rejeta ikiwa ndani, maana feni itaitoboa. Kila waya na kila hosi ipate kipande cha tepu chenye namba pande zote mbili, na piga picha kabla ya kuchomoa. Mabomba ya dizeli yakishafunguka yazibwe midomo palepale, kwa plastiki safi. Chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye bomba la nozeli haitoki kwa kuombewa.

Bolti za ekzosi zilizoshika kutu zianze kupuliziwa mafuta ya kulegezea jana yake. Ikigoma, ipashe moto nati, siyo bolti. Ukiikata studi ndani ya hedi umejiongezea nusu siku.

Ukitoa na giaboksi, propela shafti nje na mdomo wa nyuma wa giaboksi uzibwe, kwa sababu injini itatoka imeinuka pua na oili ya gia itamwagika yote.

DerevaWaMzigo

Na kunyanyua? Kuna mahali nimeona mnyororo umefungwa kwenye boriti ya paa, vijana wanavuta.

Mleta uzi

Boriti ya paa hapana, ndugu yangu. Injini ya namna hii na vifaa vyake inacheza kwenye kilo 200 na zaidi, na ukiongeza giaboksi uzito unapanda sana. Juu ya hapo kuna mshtuko pale inaponasa halafu ikaachia ghafla. Boriti iliyojengwa kubeba bati haikujengwa kwa hilo.

Winchi ya magurudumu ni bora, lakini soma maandishi kwenye mkono wake. Uwezo unashuka kadiri mkono unavyorefushwa. Ile inayoandikwa tani 2 mkono ukiwa mfupi, mara nyingi inabeba nusu tani tu mkono ukiwa umetoka wote, na kwenye pickup utautoa wote ili uifikie injini. Mnyororo ufungwe kwenye ndoano za kunyanyulia zilizokuja na injini. Kama hazipo, tumia bolti ngumu zilizoingia kwa nyuzi za kutosha kwenye hedi, siyo bolti za kifuniko cha vali wala inteki.

Na hakuna mtu anayeingia chini injini ikiwa hewani. Hata mkono. Kama kuna bolti umeisahau chini, shusha kwanza, fungua, nyanyua tena. Kabla ya kunyanyua zunguka gari lote polepole ukitafuta kilichobaki. Nyaya mbili zinazosahaulika ni ule wa nyuma ya stata na mkanda wa hasi ulioko kati ya injini na bodi.

Spana17

Huo mkanda wa hasi umetaja, naomba niuseme zaidi. Jirani yangu alifungiwa injini, mkanda ukabaki sakafuni. Stata ikawa inazunguka kwa uvivu na kebo ya kanyagio la mafuta ikawa ya moto hadi plastiki yake ikayeyuka. Walibadilisha stata, wakabadilisha betri, tatizo lilelile.

Mleta uzi

Ndivyo inavyokuwa, Spana17. Umeme wa stata lazima urudi kwenye betri. Ukikosa njia nene unapita kwenye kebo ya mafuta, kwenye kebo ya klachi kama ipo, hata kwenye beringi. Waya wa kebo ni mwembamba, unakuwa hita. Mkanda huo usafishwe pande zote mbili hadi chuma king'ae, ndipo ufungwe.

Sasa injini iko nje na chumba kiko wazi. Nafasi hii usiipoteze. Osha chumba chote, kisha ingia na taa. Tazama chasisi kwenye vikalio vya mauntingi kama kuna nyufa, mabomba ya breki yanayopita ukutani, boksi la usukani kama linavuja. Vitu hivi injini ikirudi hutaviona tena.

Kwenye injini mpya ikiwa bado chini: sili ya nyuma ya kranki, sili ya mbele, pampu ya maji, themostati, taiming belti na tenshena yake. Belti ya injini hizi ni ya kilomita 100,000. Ya injini uliyonunua hujui imekwenda ngapi, kwa hiyo ihesabu imekwisha. Ikikatika pistoni zinakutana na vali. Badilisha vile vifuniko vidogo vya chuma vinavyozuia maji kwenye bloku, hasa kile cha nyuma kinachojificha kati ya bloku na giaboksi. Kikioza baadaye, unashusha giaboksi kwa kitu cha ukubwa wa sarafu.

Klachi nzima: pleti, preshapleti, beringi ya kuachilia, na ile beringi ndogo iliyoko mwishoni mwa kranki ambayo wengi hawaigusi. Flaiwili (gurudumu zito linalobeba klachi) ikiwa na madoa ya bluu na nyufa za nywele, ipeleke ikasawazishwe.

Na rejeta. Kuimwagia maji ya bomba ukaona yanatoka chini si kipimo. Iwekwe wima, ijazwe, izibuliwe mdomo wa chini ghafla: maji yatoke kwa kishindo, siyo kwa mkojo mwembamba. Yakisita, ikafunguliwe tenki na mirija ipitishwe chuma, au ununue kiini kipya. Kipozeo cha oili cha injini iliyokufa kwa beringi usikihamishe kabisa. Unga wa chuma ukishaingia kwenye vijia vyake hauoshwi ukaisha.

Pleti3

Nimefika hapo mkuu! Injini iko kwenye winchi, giaboksi iko ndani ya gari, imebaki kama upana wa kidole haitaki kuingia. Fundi anasema tuivute na bolti.

Mleta uzi

Mwambie aache bolti mfukoni. Ikibaki nafasi na haisogei kwa mkono, kuna kitu hakijalingana. Ukivuta kwa bolti unapinda kitovu cha pleti ya klachi au unapasua sikio la nyumba ya klachi, na alumini ile haisamehe.

Angalia pengo kwa futi juu na chini. Likiwa kubwa juu, pua ya injini iko chini sana. Likiwa kubwa chini, pua imeinuka mno. Rekebisha kwa winchi na jeki ya giaboksi hadi pengo liwe sawa pande zote. Halafu weka gia, mtu azungushe kranki polepole kwa spana ya puli huku wewe unasukuma. Meno ya shafti ya giaboksi yakikutana na ya pleti, itaingia yenyewe hadi kwenye pini za kuelekezea. Kama bado, rudi nyuma uhakikishe pleti iliwekwa katikati kwa kifaa cha kuelekezea, na upande wake ndio wenyewe. Uliotokeza wenye springi unatazama giaboksi.

Pleti3

Imeingia. Pengo lilikuwa kubwa juu. Tumeinua pua kidogo, tukazungusha, ikasema tap ikakaa. Bolti zimeingia kwa vidole.

Mleta uzi

Safi kabisa. Bolti zikiingia kwa vidole ujue mko sawa. Kazeni kwa msalaba.

Kuwasha kwa mara ya kwanza sasa. Oili mpya, filta mpya iliyojazwa oili kabla ya kufungwa. Chomoa waya wa solenoidi ya kuzima dizeli iliyo kwenye pampu, ili injini izunguke bila kuwaka. Zungusha kwa vipindi vifupi, upumzishe stata, hadi taa ya oili izime. Hapo ndipo beringi zimepata oili. Kuna wanaoruka hatua hii kwa haraka ya kusikia mlio, na sekunde za mwanzo zikikauka zinakula beringi kuliko safari ndefu.

Rudisha waya. Toa upepo kwa pampu ya mkono ya juu ya filta ya dizeli hadi iwe ngumu. Legeza nati za mabomba kwenye nozeli, zungusha hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza. Kidole kisikaribie inapochuruzika kwa presha. Dizeli ya nozeli inapenya ngozi bila kuumiza sana mwanzoni, na ndani inaoza. Ikimpata mtu ni hospitali papo hapo, hata kama anasema hajisikii kitu.

Maji yajazwe gari likiwa limeinuliwa pua, swichi ya hita ya ndani ikiwa kwenye moto, kifuniko wazi hadi themostati ifunguke na mapovu yaishe. Tumia kulanti (maji maalum ya rejeta), siyo maji matupu. Injini na rejeta zina metali tofauti, maji matupu yanaziozesha zote. Ikishapoa, ongeza.

MkonoWaOili

Na mzigo?

Mleta uzi

Wiki ya kwanza bila mzigo mzito na bila vilima virefu, kama kazi inaruhusu. Oili na filta zibadilishwe mapema, kabla ya kilomita za kawaida, kisha filta ya kwanza ikatwe na karatasi yake itandazwe kwenye mwanga. Vumbi la kijivu kidogo ni la kawaida. Vipande vinavyong'aa si vya kawaida. Mauntingi na bolti za ekzosi kaza tena baada ya injini kupata moto na kupoa mara kadhaa.

DerevaWaMzigo

Mkuu narudi na swali. Yangu ilifungwa 3L na karakana moja, haijamaliza mwezi. Tambarare sindano ya joto imetulia, nikipanda kilima na mzigo inaanza kupanda, nikifika juu inashuka. Wameniambia nitoe themostati.

Mleta uzi

Usiitoe. Bila themostati injini inakaa baridi tambarare, oili inaharibika, na kilimani maji yanapita rejeta haraka bila tatizo lenyewe kuguswa.

Inayopanda kilimani kwa mwendo mdogo na kushuka ukipata upepo, shuku hewa kwanza. Zima injini ikiwa ya moto, chomoa ufunguo, zungusha feni kwa mkono. Kama inazunguka huru mizunguko kadhaa bila ukinzani, ile klachi yake ya mafuta ya silikoni imekwisha. Angalia kama kava la feni lilirudishwa. Bila kava feni inazungusha hewa ileile palepale. Kisha tazama kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi kama ipo. Hapo hujaa majani na matope yasiyoonekana kutoka mbele.

Vyote vikiwa sawa, wahi asubuhi ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, washa, tazama kama kuna mapovu madogo yasiyokoma. Yakiwepo ni gasketi ya hedi au ufa, na gari lisimame hapo hapo. Yasipokuwepo, fanya kile kipimo cha rejeta nilichoeleza juu na uniambie iwapo waliyokufungia ni ileile iliyokuwa na 2L. Weka hapa utakachokikuta, tuendelee.